Nusu Shibiri

Mwezi uliopita tulimzika Mwarandu huko Kinondo, na tuliporudi kutoka makaburini tukakaa chini ya turubai kungoja chakula. Mjukuu wake, kijana anayefanya kazi kwenye uwanja wa gofu wa hoteli moja ya Diani, alinijia na wenzake wawili. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Poleni na msiba." Akasema kwamba marehemu alikuwa akiwaambia mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kusimama mbele ya mpira kuliko mtu yeyote wa pwani hii, Mzungu au Mwafrika, enzi ambazo uwanja haukuwa na nyasi hizi za kunyunyiziwa maji. "Hebu tuonyeshe, babu. Mara moja tu." Sikuwa na nia. Lakini niliinuka, nikaushika mkongojo wangu kwa mikono miwili, na mwili huu wa miaka themanini na kitu ukajipanga wenyewe: miguu ikaachana kwa upana wa mabega, magoti yakalegea, nyonga zikarudi nyuma, mgongo ukabaki umenyooka, mikono ikaning'inia. Vijana wakacheka kwa chini, kwa adabu ya matanga, na mmoja akasema, "Walahi, kama mwalimu wetu!" Mate yakanijaa kinywani. Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika chai yote ya asubuhi. Watu walinihurumia wakidhani ni uchungu wa kumpoteza rafiki. Uchungu ulikuwapo, lakini kilichonitapisha ni kinyaa, na nataka kueleza kilikotoka.

Mwaka wenyewe ni ule uliofuata kupandishwa kwa bendera ya uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi yangu ilikuwa mchanga. Klabu ya gofu ya Wazungu huko Diani, ambayo siku hizi imefunikwa na majumba ya kifahari, ilikuwa na mashimo tisa kati ya barabara na bahari, na nyumba moja ya makuti yenye baraza pana. Mahali pa kumalizia kila shimo palikuwa duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe. Duara hilo wenyewe waliliita brauni. Mimi ndiye niliyeichanganya oili, kwa koleo na kwa mikono, kisha nikausawazisha mchanga kwa reki, brauni tisa, kila siku isipokuwa Jumatatu. Oili iliingia kwenye kucha, kwenye mikunjo ya shingo, ndani ya masikio. Nilipotawadha maji yalibingirika juu ya ngozi bila kuishika, na nikawa na wasiwasi kama udhu wangu ulisihi. Mwarandu, ambaye kazi yake ilikuwa vibendera na kubeba mifuko ya fimbo, alinicheka. "Usijali, Sele," aliniambia, "malaika wako anakuja na sabuni."

Tulilala chumba kimoja nyuma ya ghala, vitanda viwili vya kamba na madebe ya oili yaliyopangwa ukutani mpaka chini ya dirisha. Joto lilipozidi madebe yaliguna. Kila kitu mle kilinuka gereji: shuka, kanzu ya Ijumaa, hata mkate. Mpishi alitupitishia mabaki ya mchana kwenye sinia moja, mafuta ya kondoo yaliyoganda meupe, viazi vyenye alama za meno ya watu, kipande cha mkate kilichozimiwa sigara. Mwarandu hakuyagusa hata siku moja. Alikuwa ameoa karibuni, na mkewe Mwanamisi alimtumia kutoka Kinondo wali wa nazi na samaki wa kukaanga ndani ya bakuli lililofungwa kwa leso, naye hakula kabla hajanigawia nusu. Mimi mabaki yale niliyala pia, akiwa hayupo. Nasema hivyo ili ijulikane mtu anayesimulia ni wa namna gani.

Jumatatu uwanja ulifungwa, na Mzungu aliyekuwa katibu wa klabu nilipoajiriwa alikuwa ameturuhusu wafanyakazi tucheze jioni kwa fimbo zilizovunjika tulizozifunga kamba. Hapo ndipo nilipojifunza. Miaka minne nilikuwa nimewatazama wanachama wakihangaika, kwa sababu mtu mwenye reki hana la kufanya mpira unapopigwa ila kusimama na kutazama, na niliona kwamba wengi wao walishindwa kabla hawajainua fimbo. Walisimama vibaya. Aliye mbali na mpira alijivuta, akaanguka mbele, akaupiga kwa ncha. Aliye karibu alibanwa na mikono yake mwenyewe, akaupiga kwa shingo ya fimbo, pale chuma kinapoungana na mpini, na mpira uliruka pembeni kulia kama uliopigwa teke. Mwarandu alikuwa wa kundi la kwanza. Alisimama mbali kama mtu anayeogopa nyoka, akipiga anapepesuka, na kicheko chake kilisikika mpaka barabarani. "Sele, huu mpira una adabu," alisema. "Unajua sijaalikwa." Jumatatu zile zilikuwa furaha ya pekee niliyokuwa nayo mahali pale.

Mwezi wa tatu akaja Afisa. Jina lake silitaji, maana ana watoto na wajukuu ambao hawakunikosea. Alikuwa ametoka bara, akapewa kiti kikubwa kwenye ofisi za serikali Kwale, na klabu ikamkaribisha kuwa mwanachama wa kwanza Mwafrika. Sisi tulisimama kwenye mstari siku aliyokuja, na nakiri machozi yalinilenga. Suti yake ilikuwa ya rangi ya majivu, viatu vyake viling'aa. Alipita mbele yetu akatupa mkono mmoja mmoja. Mwarandu aliniambia usiku ule kwamba sasa mambo yatageuka, kwamba mtu wetu yuko barazani.

Wiki iliyofuata Afisa alinikuta ghalani peke yangu. Hakutaka salamu ndefu. "Wewe ndio Sele? Naambiwa unajua huu mchezo." Nikamjibu kwamba ninajua kiasi. "Utanifundisha. Asubuhi mapema, hawa Wazungu kabla waamke. Na usiambie mtu." Alikuwa na haki ya kuona aibu, mara moja tu alikuwa amejaribu mbele yao, akaukosa mpira mara tatu, na nilisikia mmoja akisema barazani kwamba jamaa anapiga kama anayelima. Niliumia kwa ajili yake. Nikakubali kwa moyo wote.

Kwa wiki sita tulikutana kwenye brauni ya mbali mara tu baada ya sala ya alfajiri. Nilichora mistari miwili kwenye mchanga kwa mpini wa reki, mmoja wa vidole vya miguu, mmoja wa mpira. Nilimwambia, "Bwana mkubwa, simama kama mtu aliyetaka kukaa kwenye kigoda, akaghairi." Alikunja mgongo badala ya nyonga. Nikamwonyesha tena. "Usiinamie tumboni. Inamia hapa, penye mshipi. Sasa iache mikono ianguke yenyewe, usiipeleke popote. Pale inapoangukia, ndipo fimbo inapokaa." Kisha nilimpa kipimo nilichojitungia: kati ya kichwa cha mpini na suruali yake iingie shibiri moja, kidole gumba mpaka kidole kidogo, isizidi wala isipungue. Kila siku nilipiga goti mbele yake nikaupima mkono wangu kwenye zipu ya suruali yake. Jasho lake lilinidondokea utosini, limechanganyika na manukato. Mara mbili alipiga vibaya akanisukuma kichwa kwa goti, na hakusema pole. Nikajiambia ni haraka ya mtu mwenye kazi kubwa. Mwishoni mwa wiki ya sita alikuwa akisimama vizuri kuliko nusu ya wanachama, na mpira wake wa kwanza ulionyooka nilipoutazama ukienda nilihisi ni mimi niliyeruka.

Yale niliyoyasikia baada ya hapo niliyasikia kwa sababu ya reki. Brauni ya tisa ilikuwa chini kabisa ya baraza, na watu wa barazani hawakumhesabu mwenye reki kuwa ana masikio. Katibu mpya, mzee wa jeshi tuliyemwita Kanali, alikuwa akinywa na Afisa na wengine wanne. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, lakini kilitosha. Mmoja alimsifu Afisa kwa maendeleo yake, akamuuliza amefundishwa na nani. Afisa akasema hakufundishwa na mtu, amesoma kitabu. Akaongeza kwamba watu wa pwani hawawezi kumfundisha mtu chochote isipokuwa kulala. Wakacheka, naye akacheka kuliko wote, kicheko cha mtu anayechunguza kama wengine bado wanacheka. Kisha Kanali akamuuliza, kwa kuwa yeye ni Mwafrika na anawajua watu wake, anaonaje kuhusu wafanyakazi kucheza Jumatatu. Afisa hakufikiri hata kidogo. Alisema ingefaa ikomeshwe, tutaharibu uwanja, na mfanyakazi akizoea kushika fimbo hatataka tena kushika reki.

Niliendelea na lile duara mpaka nikalimaliza. Kinywani nilikuwa na ladha ya oili. Jioni mpishi alileta sinia, nikalisukuma mbali, na Mwarandu akauliza kuna nini. Nilimweleza habari ya Jumatatu tu, sikumweleza habari ya masomo ya alfajiri, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi. Akasema, "Basi. Bwana akizoea, atatukumbuka." Hata upole wake siku ile ulinichukiza. Nilitaka mtu wa kukasirika nami.

Mashindano ya klabu yalikuwa Jumamosi iliyofuata. Afisa alicheza na Kanali. Mimi nilibeba mfuko wa Afisa, Mwarandu wa Kanali. Watu walikuwa wengi, wake zao wakiwa na kofia pana, na mkubwa mmoja kutoka Mombasa alikuwa amekuja kumtazama Mwafrika anayecheza gofu. Mashimo matatu ya kwanza Afisa alicheza vizuri, na kila mpira ulionyooka uliniongezea kinyaa, maana ile ilikuwa shibiri yangu, magoti yangu, kigoda changu. Kwenye shimo la nne lilimbakia pigo fupi la fimbo ya chuma kuelekea kwenye brauni. Mwarandu alitangulia na mfuko wa Kanali akasimama chini ya mti wa mvinje, mbele kidogo, upande wa kulia, pale pale ambapo Kanali mwenyewe alikuwa ametuamuru wabebaji tusimame siku zote. Nilimwona. Sitaki mtu aseme sikumwona. Lakini akilini mwangu mpira ulikuwa uende vichakani, watu wacheke, basi. Nilimpa Afisa fimbo, nikamnong'oneza, "Bwana mkubwa, leo umesimama mbali. Sogea nusu shibiri." Aliniamini. Alisogea. Niliitazama ile nafasi kati ya mpini na suruali yake ikipungua, na nikafurahi.

Mlio wa pigo lile haukuwa mlio wa mpira. Fimbo ilipiga kwa shingo, mpira ukaruka kulia chini chini, na Mwarandu hakupata hata nafasi ya kuinua mkono. Alikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka, mfuko ukiwa bado begani. Nilipomfikia alikuwa amefunika jicho la kushoto kwa kiganja na damu ilipita kati ya vidole. "Sele," alisema, "ni nini kimenipiga?" Nikamwambia ni mpira. "Wa nani?" Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye gari, na nyuma yangu nilisikia mwanamke mmoja akiuliza kama mchezo utaendelea. Uliendelea. Mwarandu alifikishwa hospitali Msambweni, na kesho yake tukaambiwa jicho halikuweza kuokolewa.

Jumatatu Kanali aliitisha kikao barazani kutafuta kosa lilikuwa la nani, maana klabu ilipaswa kuamua kama itamsaidia Mwarandu na kumrudisha kazini. Kabla ya kuitwa, Afisa alinifuata kwenye tangi la maji. Hakuwa amenyoa. "Wewe ndio uliniambia nisonge," alisema. "Ndiyo, bwana mkubwa." "Mbona?" Alinitazama kwa muda mrefu, na nikaona kwamba ameelewa, na kwamba kuelewa kwake hakumsaidii, kwa sababu akinitaja lazima ataje asubuhi zile zote. Kitabu chake kitakuwa ni mimi. Akafungua bomba, akanawa mikono ingawa haikuwa michafu. "Hiyo maneno ya kusonga tuachane nayo," alisema. "Tuongee kuhusu pale huyo mtu alikuwa amesimama." Nilielewa haraka, na hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote. Hakunitisha wala kunishurutisha. Tulielewana kama watu waliofanya biashara pamoja miaka mingi.

Barazani palikuwa na chai na keki. Kanali aliniuliza kwa Kiswahili chake, "Yule mtu nasimama wapi? Chini ya mti, ama nakuja mbele?" Katika swali lake nilisikia jibu alilolitaka, kwani kama Mwarandu alikuwa chini ya mvinje, basi amri ya kusimama pale ilikuwa ya Kanali. Watu watatu mle tulijua ukweli, kila mmoja kwa upande wake, na kila mmoja alimngoja mwenzake. Nzi alikuwa akitembea juu ya keki. Nikasema, "Alikuwa amekuja mbele, bwana. Hatua nne au tano." Kanali akaandika. Afisa akakoroga chai yake. Mwarandu hakurudishwa kazini, na hakupewa msaada wowote, kwa kuwa alisimama mahali pabaya.

Jumamosi ya wiki ile Afisa alikuja alfajiri mpaka mlango wa chumba nyuma ya ghala, akabisha kwa kifundo cha kidole. Nilikuwa nimelala peke yangu mle, kitanda cha pili kitupu. Nilitoka. Nilichora mistari miwili. Nilipiga goti, nikampima shibiri moja, kamili, naye akasimama sawasawa. Hatukutaja kitu. Baada ya mwezi mmoja nilifanywa msimamizi wa uwanja, nikapewa kofia na chumba kisicho na madebe, na nilikaa kwenye kazi ile miaka sita.

Nilikwenda Kinondo kumwona Mwarandu alipotoka hospitali. Alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini, kitambaa cheupe kimefunika upande wa uso. Mwanamisi alinikaribisha kwa furaha iliyonichoma. "Karibu, shemeji. Tumekuwa tukikutaja." Nilikaa. Mwarandu akataka kunimiminia chai mwenyewe, kwa heshima, lakini jicho moja halikumpa kipimo cha umbali. Alimimina pembeni ya kikombe, chai ikatambaa juu ya mkeka mpaka kwenye kanzu yangu. Alicheka, akaomba radhi, akajaribu tena, safari hii akiligusisha kwanza birika kwenye ukingo wa kikombe kama kipofu. Kisha akasema, "Sele, nimeambiwa kwamba nilitoka mahali pangu. Mimi nakumbuka nilikuwa chini ya mvinje. Nakumbuka hata mgongo wangu ulikuwa umeegemea gome. Lakini nilipigwa kichwa, huenda nimechanganyikiwa. Wewe ulikuwapo. Nilikuwa wapi?"

Nilikuwa nimekuja kumwambia. Naapa nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo, njia nzima kutoka Diani nilikuwa nikiyapanga maneno. Mwanamisi alisimama mlangoni na sahani ya mahamri, akingoja. Nilimtazama Mwarandu kwenye lile jicho lililobaki, ambalo halikuwa na shaka yoyote juu yangu, nikasema, "Ulikuwa mbele kidogo ya mvinje, ndugu yangu."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesahihishwa hesabu. "Basi ni kosa langu," alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "Nilikwambia, Mwanamisi. Uache kuwalaumu wale watu. Sele aliona kwa macho yake, na Sele hawezi kunidanganya."

Mwanamisi akaja, akaweka mahamri mbele yangu, akaniambia nile, maana nimetoka mbali. Yalikuwa bado ya moto. Nilikula matatu.